Hedifoni ya kwanza ya maana kwa laki nne: ya waya au Bluetooth, mgongo wazi au uliofungwa?

Mpangaji wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Nimechoka na iafoni za elfu tano zinazokufa upande mmoja kabla hujazizoea. Safari hii nataka hedifoni ya maana, ya kukaa nayo miaka. Bajeti ni laki tatu na nusu, nikijibana sana laki nne, na hapo ndani kuna nauli ya mzigo kutoka Dar.

Nipo Kigoma, Mwanga, chumba cha kupanga kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Nasikiliza usiku zaidi, kwa simu ya Android isiyo na tundu la pini, ina USB-C tu. Muziki wangu ni zilipendwa na rumba la ng'ambo ya ziwa, Franco na wenzake, na taarab kidogo. Sirekodi chochote wala sichezi gemu.

Ninazozipima ni Sony MDR-7506, Audio-Technica ATH-M50x, Beyerdynamic DT 770 Pro na Sennheiser HD 560S. Kuna jamaa yangu anasema habari ya waya imepitwa, nitafute Sony WH-1000XM4 ya mkono wa pili. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi? Naomba sababu, sio jina tu.

Dogo wa Gungu

Jamaa yako kakuambia kweli, mkuu. XM4 ilitoka 2020 na mpaka leo inaheshimika. Betri saa 30 kizima kelele kikiwa kimewashwa. Feni inavuma, jenereta la jirani linanguruma, wewe husikii kitu. Unaingia jikoni nayo, unatoka nje nayo. Waya unajinasa kwenye kitasa cha mlango. Mimi sina la kuongeza.

Fundi Katubuka

Dogo, kwa jenereta na feni uko sawa. Kizima kelele kina maikrofoni zinazosikia mvumo wa nje, kisha hedifoni inatoa wimbi la kinyume ili viuane. Kinaweza sana kelele nzito isiyobadilika. Ila nyumba ya kupanga tatizo lake ni watu: mtoto analia, mtu anasukuma meza, wawili wanabishana mpira uani. Sauti za namna hiyo zinabadilika haraka na ziko juu, kizima kelele kinazipunguza tu. Huko kinachosaidia zaidi ni mto mzito uliobana sikio vizuri.

Halafu betri. Ya mkono wa pili hujui imechajiwa mara ngapi wala imekaa kwenye joto gani, na betri za lithiamu joto ndilo linalozizeesha. Hedifoni ya waya iliyotunzwa unaikuta inaimba baada ya miaka ishirini. MDR-7506 imeanza kuuzwa 1991 na bado inatengenezwa. Ya Bluetooth ikiishiwa betri, kuifungua bila kuvunja vishikizo ni kazi, na kuipata betri sahihi huku kwetu ni kazi nyingine.

Mpangaji, swali moja kabla sijaendelea: unalala peke yako?

Mpangaji wa Mwanga

Hahaha. Nina mke na mtoto mchanga, fundi.

Fundi Katubuka

Basi HD 560S imetoka. Ni nzuri sana, nyepesi, gramu 240, waya wake unachomoka. Lakini ni mgongo wazi: hewa inapita nyuma ya spika, ndiyo maana muziki unasikika kama uko chumbani badala ya kuwa ndani ya fuvu. Sauti hiyo hiyo inatoka nje. Shemeji atasikia gitaa lote la solo, na wewe utamsikia mtoto kila akigeuka. Ukijenga kwako ukawa na sebule, irudie.

Bint Isevya

Mwangaluka ndugu zangu. Mimi nipo Tabora, kazi yangu ni kuhariri vipindi vya redio, kwa hiyo hiyo 7506 naishi nayo.

Nikuambie wazi kaka Mpangaji, ile ni chombo cha kazi. Imetengenezwa ili usikie kasoro: mate mdomoni mwa mtangazaji, mlango uliogongwa mbali, mkato wa uhariri uliokaa vibaya. Sauti za juu zimenyanyuliwa kidogo. Kazini hilo ni faida. Kwenye zilipendwa utausikia muziki vizuri, ila na ule mlio wa "shhh" wa tepu utausikia kuliko ulivyozoea. Kuna watu unawakera, kuna watu baada ya wiki hawausikii tena.

Uzuri wake ni wepesi, gramu 230 bila waya, na inakunjika. Ubaya ni mito ya ngozi bandia: kwa joto la huku inalowa jasho, halafu inaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyokaa shavuni. Mito ya kubadilisha inapatikana kwa bei rahisi, ipo hadi ya kitambaa. Waya ni wa kujikunja kama wa simu ya mezani, mzito, na hauchomoki. Ukilala kitandani nayo, waya unakuvuta kichwa.

M50x besi imeongezwa. Vijana wa studio wanaipenda kwa kuwa inachangamsha. Inakuja na waya tatu za kuchomoa, jambo ambalo kwa mwenye mtoto mdogo ndani ya nyumba sio dogo.

Kwa masikio yangu na kwa matumizi yako, mimi ningekwenda DT 770 Pro. Mito yake ni ya kitambaa laini kama mahameli, haichomi sikio usiku wa joto, na unaweza kuivaa mpaka kanda inaisha. Mtengenezaji anauza spea zake: mito, sponji ya utepe wa kichwani, hadi spika zenyewe.

Babu Zilipendwa

Wanangu, nimewasoma. Mimi ni mtu wa Tabora, nilikulia kwenye madansi, nimewaona Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids wakiwa bado wanapiga. Hamjasema jambo moja. Nyimbo nyingi za wakati ule zilirekodiwa mono. Sauti ya kushoto na ya kulia ni ile ile. Mtu akikuuzia hedifoni kwa sababu ya "upana wa jukwaa", kwa nyimbo hizo anakuuzia hewa. Mwimbaji atasimama katikati ya kichwa chako hata ukivaa ya mamilioni.

Kinachotakiwa ni sauti za kati zisimezwe. Gitaa la rithim, saksafoni na mwimbaji wote wanaishi hapo kati. Hedifoni ya besi nyingi inamfunika mpiga rithim, na rumba bila rithim ni nini? Kwa hiyo hiyo M50x mimi siitaki. DT 770 nayo ina besi ya kutosha na juu imenoa, kati imerudi nyuma kidogo. Binti yangu wa Isevya, hapo tutabishana.

Kwa nini hakuna aliyetaja Koss Porta Pro? Imetoka 1984, inakunjika ikaingia mfukoni, ukinzani wake wa umeme ni ohm 60, bei yake ni sehemu ndogo tu ya bajeti hii. Inavujisha sauti, nakubali. Lakini sauti yake ina joto, inamfaa Franco. Anza na hiyo, hela inayobaki nunua kiroba cha mchele.

Bint Isevya

Shikamoo babu. Nakubali kati ya DT 770 imerudi nyuma, ila sio ya kumpoteza mpiga rithim. Koss inavuja kuliko hata hiyo HD 560S tuliyoikataa, mama mtoto ataamka.

Babu Zilipendwa

Marahaba. Ataamka acheze.

Mpangaji wa Mwanga

Asanteni sana. Sasa hizo ohm zinanichanganya. DT 770 naona ipo ya 32, ya 80 na ya 250. Simu yangu itaisukuma? Na hiyo adapta ya USB-C, ile ya wamachinga inatosha?

Fundi Katubuka

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela, nitaandika kirefu, mnivumilie.

Ohm peke yake haikuambii kitu. Kuna namba ya pili: usikivu wa hedifoni, yaani ukiilisha miliwati moja inatoa desibeli ngapi. MDR-7506 ni ohm 63 na usikivu desibeli 106. DT 770 Pro usikivu wake ni 96. Tofauti ya desibeli kumi ni kubwa: DT 770 inadai nguvu mara kumi ili ifikie kelele ile ile.

Sasa simu yako haina pini, maana yake kazi ya kubadili dijitali kuwa sauti, na kuisukuma hedifoni, anaifanya yule adapta mdogo. Kuna wa aina mbili sokoni. Mmoja ndani ni nyaya tu, hauna chipu. Huo unafanya kazi kwa simu chache zinazotoa sauti ya kawaida kupitia USB-C, kwa nyingine unachomeka unasikia kimya. Wa pili una chipu yake, ile wanayoiita DAC. Huo ndio unaoutaka. Muulize muuzaji, na akisema "zote ni sawa", chomeka kwenye simu yako hapo hapo mbele yake.

Adapta ya Apple ya USB-C ni ndogo na safi, inatoa volti moja. Fanya hesabu: volti moja kwenye ohm 63 ni miliwati 16 hivi, kwa 7506 inafika desibeli 118. Huwezi kuvumilia. Kwa DT 770 ya ohm 80 inafika 107, inatosha kabisa. Ya ohm 250 inashuka mpaka 102 kwenye vilele. Kwa rekodi za zamani zilizorekodiwa chini utaona sauti haishibi, utaanza kutafuta ampu, yaani kikuza sauti, na bajeti imeondoka. Achana na 250.

Angalizo: hiyo ya Apple kwenye simu nyingi za Android inatoa sauti ndogo, kwa sababu simu inashindwa kupandisha sauti iliyo ndani ya adapta. Na toleo la Ulaya limewekewa kikomo, linatoa nusu ya volti. Kwa Android tafuta ya kampuni nyingine yenye DAC, au ile ya Samsung.

Jambo la mwisho, chanzo. Ukisikiliza YouTube kwa bando la kubana, hakuna hedifoni itakayokuokoa. Faili la kbps 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, linakula takriban MB 144 kwa saa. Pakua ukiwa na intaneti ya uhakika, uweke kwenye memori kadi.

Dogo wa Gungu

Fundi, kwa hiyo anunue hedifoni, anunue adapta, anunue mito, apakue mafaili. Mimi XM4 naiwasha naanza kusikiliza. Na ina LDAC, ule mfumo wa Sony wa kupitisha sauti kwa Bluetooth, kbps 990.

Fundi Katubuka

990 ni pale mawimbi yakiwa mazuri. Simu ikiona usumbufu inashuka 660, inashuka 330. Sijasema sauti yake mbaya. Nasema kwa laki nne ya mkono wa pili unanunua betri ya mtu.

Reli ya Kati

Nachangia kidogo, mimi napokea mizigo mara kwa mara. Kutoka Dar mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hedifoni ikifika mbovu au feki, kuirudisha Kariakoo ni gharama na usumbufu, na muuzaji anajua hilo. 7506, M50x na XM4 zote zinafekiwa sana. Bei ikiwa robo ya bei ya nje, usijiulize mara mbili. 7506 nje huzunguka dola 100, DT 770 na M50x zipo juu yake kwa nusu au zaidi. Kwa XM4, mwambie muuzaji aiunganishe na programu ya Sony kwenye simu akupigie video. Feki mara nyingi haitambuliki.

Kama una ndugu anayepanda treni, mtume yeye akaisikilize dukani. Mpe faili la mlio unaoanza chini kabisa kwenye besi na kupanda taratibu. Asikilize kama kuna mkwaruzo mahali popote, na kama pande mbili zinapanda pamoja.

Mpangaji wa Mwanga

Wakuu, nimepiga hesabu. DT 770 ya ohm 80 nikiweka nauli na adapta inavuka laki nne. Kwa hiyo ni 7506, adapta yenye DAC na mito ya kitambaa ya akiba, na chenji inabaki. Babu, mchele nitanunua. Shemeji yangu anashuka Dar wiki ijayo, nitampa faili la mlio.

Dogo wa Gungu

Haya, utatuambia waya ukikukaba.

Bint Isevya

Umechagua vizuri, japo ningekuwa wewe ningesubiri mshahara mmoja zaidi nichukue DT 770. Mawili tu. Usiku masikio yanazoea, unajikuta unapandisha sauti kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki. Zikifika 90 ni saa nne tu. Na 118 aliyoitaja fundi kwa adapta ya Apple, hata adapta nyingine yenye DAC inaweza kuikaribia, kwa hiyo weka kikomo cha sauti kwenye simu kabla ya kuvaa. La pili, unavaa miwani?

Mpangaji wa Mwanga

Navaa, dada. Ya fremu nene.

Bint Isevya

Basi shemeji yako naye avae miwani wakati anaijaribu. Mkono wa miwani unauinua mto, hewa inapita, na besi yote inapotea. Atakuletea taarifa kwamba hedifoni ni mbovu, kumbe ni fremu. Kama miwani yake ni myembamba, mpe ya kwako ya zamani aende nayo.