Tupeane uzoefu: somo la moyo na mishipa lilivyotutoa jasho, kuanzia darasani hadi wodini

Binti wa Masasi
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili diploma ya uuguzi, jana kanipigia simu analia, kisa vali za moyo, ile milango ya kupitisha damu. Mwalimu kamsimamisha mbele ya darasa, kamwambia "haya, isafirishe damu toka vena kava mpaka inatoka aota" (yaani toka mshipa mkubwa unaoirudisha moyoni hadi ule mkubwa unaoitoa), yeye kaipitisha mapafuni mara mbili. Darasa zima hoi kwa kicheko. Tuliopita huko tupeane uzoefu: kipi cha moyo kilikutesa, na wodini ulikutana na nini ambacho darasani ulikiona porojo? Wanafunzi watachota humu.

Nesi Mkongwe
Mwambie kulia tatu, kushoto mbili. Zile vali za kati ya vyumba vya moyo: ya kulia ina vipande vitatu, ya kushoto viwili. Pafu la kulia nalo lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Halafu aache kukariri kwamba ateri ni damu safi na veni ni damu chafu. Ateri inatoka moyoni, veni inarudi moyoni, basi. Ile inayokwenda mapafuni ni ateri na imebeba damu isiyo na oksijeni. Hilo swali linawamaliza watu kila mwaka na kila mwaka linarudi.

Mtoro wa Pindi
Kulia tatu kushoto mbili. Nimemaliza chuo zamani na leo ndiyo nalipata hili. Mungu anakuona mkongwe.

Kaka Tabibu
Mimi zilinitesa dawa za moyo na presha. Nikaokolewa na mikia ya majina. Zinazoishia na "loli" (atenololi, propranololi) hesabu mapigo kabla hujampa, na uliza kama ana pumu. Za "prili" (kaptoprili, enalaprili) zinaleta kikohozi kikavu, na mjamzito hapewi. Za "dipini" (amlodipini, nifedipini) miguu inavimba, watu wanadhani ni moyo kumbe ni kidonge. Za "satani" (losatani) zinafanya kazi karibu sawa na prili ila kikohozi ni nadra. Kwa hiyo satani hakohozi. Mtihani ulikuja na mgonjwa wa kaptoprili anayekohoa usiku kucha, nikacheka mwenyewe mle ndani mpaka msimamizi akanisogelea.

Binti wa Masasi
"Satani hakohozi" 😂😂 namtumia sasa hivi.

Mwana wa Pangani
Digoksini, ile dawa ya kuupa moyo nguvu. Nikiisikia tu namkumbuka mzee mmoja wa fildi. Alikuwa anatumia digoksini pamoja na Lasix, dawa ya kukojoza maji, muda mrefu. Siku hiyo kaamka hataki uji, anatapika, halafu ananiambia "mwanangu, hizi taa mmebadilisha? Mbona leo zina rangi ya njano?" Taa zilikuwa zilezile. Mwenzangu wa zamu akasema mzee kachoka, mpe dawa zake alale. Nikaweka stetoskopu kifuani, chini ya chuchu ya kushoto pale nafasi ya tano ya mbavu, nikahesabu dakika nzima: 46. Nikaenda kumwita sista, dawa ikasimamishwa. Vipimo viliporudi potasiamu ilikuwa chini sana. Lasix inaitoa kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka digoksini inageuka sumu hata kwa dozi ileile ya kila siku.

Kisiki
Sasa dakika nzima ya nini wakati ile mashine ya kidole inakupa mapigo papo hapo? Wodi ina wagonjwa 40 na nesi mmoja. Tuwe wakweli jamani.

Nesi Mkongwe
Kisiki, ndiyo maana wagonjwa wako wanakukimbia. Wengi wanaopewa digoksini mapigo yao hayana mpangilio. Moyo unapiga, mkononi mapigo mengine hayafiki. Ukishika mkono unapata 70, kifuani ni 110. Mashine ya kidole inahesabu yanayofika kidoleni tu. Mtu mzima chini ya 60 humpi, unamwita daktari. Kichanga chini ya 90.

Kisiki
Sijakataa kipimo mama, nimeongelea uhaba wa watu. Msipindishe maneno.

Mama Sindano
Watoto wa baridi yabisi ya moyo ndio walionitoa machozi. Mtoto anaumwa koo, mzazi anampa maji ya chumvi, likapita. Baadaye viungo vinavimba, leo goti kesho kiwiko, halafu kinga ya mwili inashambulia moyo wenyewe, na vali ya kushoto ndiyo huumia zaidi. Hapo ni sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, miaka na miaka. Ile dawa ni nzito, inaziba sindano, na inauma hasa. Tulikuwa na binti wa darasa la sita, akiona gauni langu tu anapanda dirisha. Nikajifunza kuishika chupa kiganjani ipate joto, nasukuma polepole huku namwambia anisimulie wifi yake alivyounguza pilau. Akawa anakuja mwenyewe. Msikwepe kuwachoma hawa watoto eti mnawaonea huruma, sindano zikikatika vali inazidi kuharibika.

Mwanafunzi KMTC
Huku kwetu Kenya pia wako wengi, dada. Na mabinti hao wakikua wakabeba mimba ndipo balaa linaanza, maana damu mwilini inaongezeka karibu nusu na njia ya vali ilishabana. Mwalimu wetu alikuwa akisema kila mjamzito anayehema akipanda ngazi awekewe stetoskopu.

Asha Zamu ya Usiku
Hapo kwa wajawazito umenigusa. Kaeni mkao wa kula.

Nilikuwa mwanafunzi, hospitali ya wilaya, siitaji. Saa nane usiku analetwa mama ana wiki tatu tangu ajifungue, anakohoa, hawezi kumaliza sentensi. Kaandikiwa nimonia. Kalazwa chali, dripu ya maji inakimbia, eti presha iko chini na ananyonyesha. Mama mkwe yuko pembeni kampakata mtoto, anasema "huyu siku nne halali, anakaa mlangoni mpaka asubuhi, akilala anasema anazama".

Hilo neno la kuzama likanishtua. Nikamwangalia: miguu imevimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Mishipa ya shingo imesimama. Kifuani nasikia mlio wa tatu, moyo unakwenda kama farasi anayekimbia. Oksijeni 79. Nilipomwinua kidogo akakohoa mapovu yenye wekundu wa damu kwa mbali. Nikafunga dripu, nikamkimbilia sista wa zamu: "Sista, hii siyo nimonia, mapafu yamejaa maji."

Kitanda hakiinuki, kile cha kuzungusha kimeshakufa. Sista akachukua kiti cha plastiki, akakipindua miguu juu chini ya godoro, kikawa egemeo. Miguu ya mama tukaining'iniza ukingoni. Oksijeni, daktari akaja akaandika Lasix ya mshipa, sista akaichoma taratibu huku ananiambia "ukiisukuma haraka unamharibu masikio", kateta (mpira wa mkojo) ikawekwa. Ndani ya saa moja mfuko wa mkojo ulikuwa unajaa huku tunautazama. Alfajiri akaomba chai, akainywa amekaa.

Eko (kipimo cha picha ya moyo) ya hospitali ya rufaa ikaonyesha moyo umetanuka, upande wa kushoto hausukumi. Ni ule ugonjwa wa misuli ya moyo unaokuja mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua.

Kisiki
Chai hii. Tena ya tangawizi. Mwanafunzi akafunga dripu ya daktari?

Asha Zamu ya Usiku
Nilifunga klempu na nikatoa taarifa dakika hiyohiyo. Kama kwenu mnasubiri daktari amalize kuoga, hayo yenu.

Kaka Tabibu
Siyo chai, hiyo hali ipo sana. Ila na mimi nina neno: manesi mkishapata kisa kimoja cha hivi, kila anayehema mnataka Lasix. Nimonia nayo inaua.

Nesi Mkongwe
Nani kasema kila anayehema? Kasema halali chali siku nne, miguu imevimba, shingo imesimama. Soma kwanza tabibu.

Mtoro wa Pindi
Asha, yule mama aliishia wapi? Usituache hewani.

Asha Zamu ya Usiku
Yupo hai. Alianzishiwa dawa, akaambiwa asibebe tena mimba bila kuonana na daktari wa moyo. Mumewe ndiye aliyekuwa mgumu. Hiyo ni mada nyingine, nikianza hatulali.

Mwana wa Pangani
Kiti cha plastiki chini ya godoro! Hilo nakumbuka tulifundishwa, tukadhani ni mambo ya zamani.

Mzee wa Presha
Mimi siyo nesi, mimi ni mgonjwa. Presha yangu ikipanda naweka nifedipini chini ya ulimi, dakika chache imeshuka. Mbona hamwafundishi watu hii?

Mama Sindano
Mzee wangu shikamoo. Acha hiyo leo. Presha ikiporomoka ghafla damu haifiki vizuri kwenye ubongo, unaweza kupooza upande. Meza dawa zako kila siku kwa saa yake.

Mzee wa Presha
Marahaba. Lakini mbona kliniki napimwa 170, nyumbani 140?

Binti wa Masasi
Baba, huko wanakupima umetoka kupanda daladala, umekunja nne, na nesi anakuuliza habari za wajukuu kitambaa kikiwa juu ya shati. Na kama una mkono mnene wakakufunga kitambaa kidogo, kipimo kinapanda cha uongo. Kaa dakika tano, miguu chini, mgongo uegemee, mkono usawa wa moyo, kimya. Ikiwa juu hata hapo, ndipo ujue imepanda kweli.

Kisiki
Hapo naunga mkono. Oski yangu (mtihani wa vitendo wa stesheni kwa stesheni) nilipoteza maksi kwa kumsalimia mgonjwa katikati ya kipimo. Adabu za kwetu hazina stesheni.

Mwanafunzi KMTC
Ongezeni na hii: potasiamu ya chupa haisukumwi kwenye mshipa hata siku moja. Inachanganywa kwenye dripu, inakwenda polepole. Chupa yake inafanana na ya maji ya sindano. Kwetu ilifungiwa kabati lake peke yake, funguo anazo sista.

Mtoro wa Pindi
Wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na mchicha je? Mwingine anasema mgonjwa asile kabisa, mwingine ale.

Nesi Mkongwe
Ale, ila kiasi kilekile kila wiki. Asiache mwezi mzima halafu siku ya sikukuu afakamie sufuria la kisamvu.

Kaka Tabibu
Kwetu tuliambiwa asiguse.

Nesi Mkongwe
Kwenu mliambiwa mengi.

Binti wa Masasi
Mdogo wangu anauliza, aota ina vali au haina? Mtihani ni Alhamisi.

Mtoro wa Pindi
Inayo, mlangoni pale inapotoka, vipande vitatu. Na hiyo iko kushoto, kwa hiyo mkongwe "kushoto mbili" yako imevunjika.

Nesi Mkongwe
Nilisema vali za kati ya vyumba. Mtoro ulikuwa unatoroka pindi na bado unatoroka.