Ushauri: Nichukue fidia au nimsubiri jaji ambaye Seneti ya Marekani haijamthibitisha?

BintiUsangi: Wakuu, heshima kwenu. Niko Marekani, jimbo la kusini, mwanasheria kanikataza kulitaja. Nilikuwa ghalani, nikadai malipo ya saa za ziada, wakaniachisha kazi. Nikafungua kesi mahakama ya shirikisho. Sasa kampuni inataka tumalizane nje ya mahakama kwa hela ambayo haifiki hata nusu ya ninachodai. Kiti kimoja cha jaji hapa kiko wazi, Rais ameshateua mtu, tunangoja kura ya Seneti. Watu wanasema huyo anayekuja anawaelewa wafanyakazi. Nichukue hela au nisubiri? Usingizi sipati.

MzeeWaKilwa: Chukua hela mwanangu. Shemeji yangu alimsubiri jaji wa uhamiaji mpaka mtoto aliyezaliwa kesi ikiwa inaanza akaingia shule. Kila tarehe ikifika, jaji kabadilishwa. Serikali ikibadilika, majaji wanabadilika. Hao watu si wa kuwasubiri.

MkalimaniMN: Shikamoo mzee. Huyo ni jaji mwingine kabisa. Majaji wa uhamiaji wako chini ya Wizara ya Sheria, wanateuliwa na Mwanasheria Mkuu na wanaweza kuondolewa. Seneti haiwahusu. Anayezungumziwa na Binti anateuliwa na Rais, anathibitishwa na Seneti, kisha ni wa maisha labda ajiuzulu au Bunge limng'oe. Ndiyo maana vyama vinapigania kila kiti.

MzeeWaKilwa: Marahaba. Hata hivyo, achukue.

Doto_Kahama: Wa maisha! Kwetu Tanzania jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65. Na Rais akishashauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, ukilala humjui jaji, ukiamka anaapa. Mngeiga kwetu, dada angekuwa ameshalipwa 😂

Mama_Pacha: Doto, mwenzio hana kazi na wewe unacheka. Binti, pesa ya haki haiozi. Mimi niliwahi kukubali fidia kwa haraka na hadi leo inaniuma. Omba Mungu, kaza.

Nyangumi: Kuhusu Seneti, usihesabu siku. Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu, alifariki Februari 2016, Obama akamteua Garland kumrithi mwezi uliofuata, na Seneti iliyoongozwa na McConnell wa Republican haikumpa hata kikao cha kuhojiwa. Ginsburg, jaji wa mahakama hiyohiyo, akafariki 18 Septemba 2020, na kufikia 26 Oktoba Barrett, aliyeteuliwa na Trump kumrithi, ameshathibitishwa, siku nane kabla ya uchaguzi. Chama kilekile, kiongozi yuleyule. Ratiba iko mikononi mwa mwenye wingi.

MkalimaniMN: Hiyo ni Mahakama ya Juu. Kwa mahakama za wilaya, yaani za shirikisho za ngazi ya kwanza kama ya Binti, kuna jambo jingine, karatasi ya bluu. Kamati ya Sheria ya Seneti inawapelekea maseneta wawili wa jimbo husika kuuliza kama wanamkubali aliyeteuliwa. Mmoja akikataa kuirudisha, jina linakwama hapohapo. Kwa majaji wa rufaa Republican waliacha kuijali muhula wa kwanza wa Trump, ila kwa wilaya imebaki, na hata Trump alipoipigia kelele 2025, Grassley, mwenyekiti wa kamati na mtu wa chama chake, hakuiondoa. Binti, maseneta wako wamerudisha?

BintiUsangi: Wote wawili. Na kamati imeshapitisha.

MkalimaniMN: Basi imebaki kura ya Seneti nzima. Tangu Democrat walipobadilisha utaratibu Novemba 2013, wingi wa kawaida unatosha. Lakini kikao cha mwaka kikiisha kabla ya kura, jina linaweza kurudishwa kwa Rais na kuanza upya. Sasa nijibu hili: kesi haikai bila jaji. Yako iko kwa nani leo?

BintiUsangi: Iko mahakamani tu. Swali langu ni nisubiri au nisisubiri.

Nyangumi: Binti, hujajibu. Na ofa ya kampuni inaisha lini?

BintiUsangi: Ofa mwisho Ijumaa. Kesi iko kwa jaji yuleyule wa mwanzo. Amezeeka, amepunguza kazi. Ombi la kampuni la kutaka kesi imalizwe bila kufika kwenye mashahidi liko mezani kwake tangu Mei. Lakini mahakama ilitoa tangazo kwamba jaji mpya akiapishwa baadhi ya kesi zitahamishiwa kwake. Kwa hiyo sibahatishi. Na mwanasheria nimeshamwandikia kwamba tunakataa, ila nimemwambia asitume bado.

Kipanga_Mweusi: Chai hii. Mwanzo kiti kiko wazi, sasa jaji yupo na kesi anayo. Kiti wazi chenye mtu? Umetunga, na ukibanwa unaongeza vipande.

Doto_Kahama: Mimi nilijua. Leteni vitafunwa.

BintiUsangi: Nitunge ili nipate nini? Kodi ya nyumba nadaiwa kweli.

MkalimaniMN: Kipanga, hapo umekosea. Jaji wa shirikisho akifikisha miaka 65 na utumishi wa miaka 15 anaweza kuwa jaji mwandamizi. Kiti chake kinahesabiwa wazi, Rais anateua mwingine, na yeye anaendelea kusikiliza kesi akitaka. Wako wengi. Na jaji mpya kugawiwa kesi za wenzake ni kawaida. Hadithi ya Binti inasimama.

Kinachonitisha ni hiyo Mei. Kwa sheria ya 1990, kila mwisho wa Machi na wa Septemba huhesabiwa majaji wenye maombi yaliyolala zaidi ya miezi sita, kisha orodha hutangazwa, na majaji hawapendi kuonekana humo. Ombi lako halijafika huko, lakini Machi litafika. Mzee huyo anaweza kuliamua wakati wowote kabla ya hapo, Seneti ikiwa bado inabishana. Ukishindwa, huyo mpya hataiona kesi yako kabisa.

Kipanga_Mweusi: Sawa, hilo la mwandamizi sikulijua. Binti, endelea.

BintiUsangi: Mbona mwanasheria hakuniambia habari ya orodha? Lakini jaji mpya...

MkalimaniMN: Jaji mpya hujui kesi yako itamwangukia au la, na hao wanaosema anawaelewa wafanyakazi hawajawahi kuona hukumu yake hata moja. Muulize mwanasheria mambo mawili leo. Kwanza, kampuni iongezewe muda na iongeze hela, maana nayo haijui jaji mzee ataamuaje. Pili, pande zote zikikubali, kesi ya madai inaweza kusikilizwa na hakimu wa shirikisho. Huyo huteuliwa na majaji wenyewe kwa miaka minane, Seneti haimgusi.

Mama_Pacha: Na asitie saini kitu asichokielewa.

BintiUsangi: Nimempigia. Ile barua ya kukataa haijatoka. La hakimu anasema kampuni lazima ikubali, atawauliza. Anaomba wasogeze mpaka Jumatano na waongeze kiasi. Majibu kesho saa nne asubuhi ya huku.

MzeeWaKilwa: Wakiongeza, chukua.

BintiUsangi: Inategemea wameongeza ngapi, mzee wangu.