Dereva wa genge kanipa kila kitu, sasa anataka nimtoe kwenye kitabu. Naombeni ushauri

KalamuNzito:
Wakuu habari zenu. Mimi ni mwandishi wa habari za uchunguzi, miaka yote nimekuwa naandika gazetini mambo ya magenge, unga, utakatishaji wa pesa, wafanyabiashara wanaolazimishwa kulipia "ulinzi", na sasa nimemaliza mswada wa kitabu changu cha kwanza. Karibu nusu ya kitabu imesimama juu ya mtu mmoja aliyekuwa dereva wa genge, yeye ndo alikuwa anawapeleka wakubwa vikaoni kwa hiyo anajua nani alikaa na nani na bahasha ilienda kwa nani. Nilimrekodi kwa ridhaa yake, tukakubaliana atapewa jina bandia. Sasa kanipigia kwa namba ngeni anasema nimtoe kabisa, hata hilo jina bandia halitaki, eti wenyewe wakisoma tu ile stori ya gari kuzimika njiani usiku watajua ni nani kaongea. Mchapishaji anasema ridhaa ipo kwenye rekodi kwa hiyo tuko salama, na nikimtoa huyo kitabu kinabaki mifupa. Nimekwama aisee, nifanyeje?

Bwax:
Mkuu mtu mzima alikubali mwenyewe hakuna aliyemshikia panga, chapisha kitu hicho tusome. Kila chanzo kikipata baridi ukifuta si utabaki na jalada tu.

MzeeWaFaili:
Bwax acha utani kwenye roho za watu. KalamuNzito, huyo dereva kakwambia kitu cha maana kuliko mchapishaji wako. Jina bandia linamficha mtu kwa msomaji wa kawaida, na msomaji wa kawaida hana shida na yeye. Mwenye shida naye ni yule aliyekuwa kiti cha nyuma usiku ule, na kama garini walikuwa watu wanne, wawili wamekufa na mmoja yuko gerezani, hapo hata usipoandika jina umeshaandika.
Halafu usifikirie yeye peke yake. Angalia Uholanzi kwenye ile kesi ya Marengo, ya mauaji ya genge la unga, mtu wa ndani ya genge alikubali kuwa shahidi wa serikali, siku chache tu baada ya kutangazwa, mwaka 2018, kaka yake ambaye hakuwa na lolote na uhalifu akapigwa risasi. 2019 akauawa wakili wake, Derk Wiersum. Julai 2021 akapigwa risasi Amsterdam Peter R. de Vries, mwandishi maarufu wa habari za uhalifu aliyekuwa anamshauri huyo shahidi, akafa siku chache baadaye. Yule shahidi mwenyewe alikuwa chini ya ulinzi. Wako ana ulinzi gani zaidi ya neno lako?

KalamuNzito:
Dah. Ana mke na mdogo wake wanaishi mtaa uleule wa zamani. Vipi nikibadilisha mji, gari liwe lori, tukio lisogee mwaka mmoja mbele?

DadaMhariri:
Hapana, hapo unaharibu pande zote mbili. Ukisogeza mji na mwaka hiyo inakuwa riwaya, na msomaji kalipia tukio la kweli. Na siku mtu mmoja akigundua lori halikuwepo, hataamini hata kurasa ulizoandika kwa ushahidi. Jina unaweza kuficha ukamwambia msomaji mapema kwamba umeficha, lakini tukio usiliguse, ama liwepo kama lilivyokuwa au lisiwepo kabisa.

WakiliMsomi:
Niongezee upande wa sheria maana mchapishaji wako anakudanganya kidogo (au anajidanganya). Ile ridhaa inakukinga dereva asikushtaki, basi. Watakaokushtaki ni wakubwa wenye pesa. Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari za uchunguzi wa Malta, alipouawa kwa bomu la gari Oktoba 2017 alikuwa na kesi za kashfa zaidi ya 40 shingoni, na nyingi hazikuisha hata baada ya yeye kufa, zikahamia kwa familia. Umoja wa Ulaya ulikuja kupitisha sheria ya kuzuia kesi za namna hiyo 2024, watu wanaiita kwa jina lake.
Sasa jiulize, ukishtakiwa kwa ile sura ya bahasha utathibitisha kwa nini? Utamwita dereva kizimbani? Hawezi kuja na wewe hutaki aje. Kwa hiyo hiyo nusu ya kitabu unayosema imesimama juu yake mbele ya hakimu haina miguu, itabidi uitafutie nyaraka hata kama angekuwa bado anakubali.

DadaMhariri:
Hapo ndo penyewe. Dereva mchukulie kama ramani, kakuonyesha pa kuchimba, sasa nenda kachimbe. Kasema fulani alikutana na fulani kwenye ghala? Tafuta ghala lilisajiliwa kwa jina la kampuni gani, wakurugenzi kina nani, nani alilinunua baadaye. Soma mienendo ya kesi za zamani zote, hata zile ndogo za ajali na madeni, watu wa magenge wanasema ukweli mwingi wakiwa wanagombania pesa wao kwa wao. Ile kesi kubwa ya Mafia kule Palermo, Italia, ya 1986 na 1987 waliotiwa hatiani ni zaidi ya 300, na waandishi mpaka leo wanachota kwenye makaratasi yake bila kumtia mtu mpya hatarini. Ukipata kitu kwa njia ya karatasi kinakuwa chako, halafu lile gari lililozimika unalitupa. Najua ndo stori tamu kuliko zote humo, litupe tu.

Bwax:
Sawa nimeelewa, ila kitabu kitachelewa sana.

MzeeWaFaili:
Kichelewe.

KalamuNzito:
Nashukuru sana wakuu. Nimeamua anatoka, mhariri namwambia kesho, kama mkataba utavunjika uvunjike. Kilichobaki ni zile rekodi, ziko kwenye laptopu yangu na flashi moja. Nifute?

WakiliMsomi:
Usifute kabla hujamuuliza, sauti ni yake. Ila zitoe kwenye hiyo laptopu unayozunguka nayo leo hii, na hakikisha nakala haijajipandisha yenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni.

MzeeWaFaili:
Na utenganishe vitu viwili. Sauti yake ibaki kwa watu wachache iwezekanavyo, ila nyaraka zako ziwe kwa wengi. Mwandishi Don Bolles alipouawa kwa bomu Arizona, Marekani, 1976 walikuja waandishi wa magazeti mbalimbali wakaendeleza uchunguzi wa magenge ya pale, na mwandishi Ján Kuciak alipouawa Slovakia 2018 wenzake walitoa ile habari yake ya mwisho kuhusu 'Ndrangheta, genge la mafia la Italia, ikiwa haijakamilika. Siku hizi kuna Forbidden Stories, mtandao wa waandishi, ulianzishwa 2017 kwa kazi hiyohiyo ya kuendeleza habari za waandishi walionyamazishwa. Genge likijua karatasi ziko kwa watu kumi linapiga hesabu upya.

DadaMhariri:
Na ile namba ngeni aliyokupigia usiisevu kwa jina lake, tafadhali.

KalamuNzito:
Namba nimeshaifuta sasa hivi.