Sabuni ya mwani kutoka Bagamoyo kwenda Ujerumani: je, lebo yenye alama ya TBS inatosha?

Katibu wa Mlingotini

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 14 hapa Mlingotini, Bagamoyo. Tunalima mwani, na sehemu ya mavuno tunaikausha, tunaisaga na kuitia katika sabuni ya kuogea. Tunatengeneza pia mafuta ya nazi ya kupaka yenye karafuu, na losheni kidogo.

Mgeni mmoja aliyekuja kutembelea magofu ya Kaole alinunua sabuni zetu, na sasa anataka vipande 500 vya sabuni, chupa 200 za mafuta na losheni za kujaribia katika duka lake lililoko Hamburg. Ametuambia tuandike lebo kwa Kijerumani na kuweka anwani yetu, mengine tumwachie yeye. Lebo tuliyo nayo ina alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), uzito, tarehe, viambato kwa Kiswahili, na maneno "inatibu chunusi, fangasi na ukurutu". Mchapishaji wa Dar es Salaam hapokei oda iliyo chini ya lebo 1,000, kwa hiyo tukikosea tumekula hasara. Naomba kujua ni kitu gani tuongeze.

Mkamua Nazi, Tanga

Dada Katibu, hongereni, lakini tafadhali usichapishe hata lebo moja kwa sasa. Mimi nilichapisha 2,000 za mafuta ya nazi na nyonyo yaliyokuwa yanakwenda Ufaransa, kwa kumwamini msafirishaji aliyenihakikishia kwamba cheti cha nyumbani kinatosha. Mzigo ulizuiwa, nikaulizwa ni nani anayewajibika kwa bidhaa hiyo ndani ya Umoja wa Ulaya, nami nikataja jina langu na sanduku langu la posta la Tanga. Halikukubalika. Lebo zile mpaka leo wanangu wanaandikia hesabu kwa nyuma.

Mfamasia wa Ngamiani

Dada, karibu kila anayeniuliza jambo hili huanza na lebo, ilhali lebo ndiyo huandikwa mwisho. Sheria inayohusika ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223 ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 11 Julai 2013. Kanuni hiyo haitoi kibali cha bidhaa kabla ya kuuzwa, kama tunavyosajili vipodozi hapa kwetu TBS tangu kazi hiyo ilipohamishiwa huko mwaka 2019. Badala yake inamtwika dhamana yote mtu mmoja aliye ndani ya Umoja. Bidhaa ikitoka nje, mtu huyo ni mwagizaji, isipokuwa awe amemkabidhi mwingine kwa maandishi naye akakubali. Kwa hiyo mnunuzi wako ndiye mwenye mzigo huo, ajue asijue, na anwani ya lazima kwenye lebo ni yake, pamoja na maneno yanayoonyesha kwamba bidhaa imetoka Tanzania. Kabla ya kuuza kipande cha kwanza anatakiwa kuwa na ripoti ya usalama iliyotiwa saini na mtathmini mwenye shahada ya famasia, sumu, tiba au fani ya namna hiyo, kuiandikisha bidhaa katika CPNP, yaani mfumo wa mtandaoni wa Umoja wa kuandikishia vipodozi, na kulitunza jalada la bidhaa hiyo kwa miaka 10 tangu toleo lake la mwisho, yaani mkupuo wa mwisho uliotengenezwa, lilipoingia sokoni.

Sasa nakuuliza wewe: mnapima kwa mizani au kwa kikombe? Mtathmini hatathmini sabuni ya Mlingotini kwa ujumla wake, anatathmini fomula moja ambayo kila kiambato kimeandikwa kwa asilimia ya uzito. Ikiwa mama mmoja anatia konzi mbili za mwani na mwenzake anatia tatu, au nazi ikiadimika mnachanganya na mawese, basi hakuna kitu cha kutathmini. Mwani nao, kwa kuwa hufyonza vilivyomo baharini, utaulizwa vipimo vya metali nzito, hasa aseniki na risasi.

Karafuu ndiyo inayowanasa wengi. Mafuta yake yana eujenoli nyingi, yaani kemikali inayoipa karafuu harufu yake, na eujenoli imo katika orodha ya manukato yanayoleta mzio ambayo lazima yatajwe kwa jina ikiwa yamezidi asilimia 0.01 katika bidhaa ya kuoshwa, au asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini. Ukitia asilimia 1 ya mafuta ya karafuu yenye eujenoli asilimia 80, sabuni ina asilimia 0.8, yaani mara 80 ya kiwango hicho. Na mafuta ya kupaka yanabanwa zaidi. Haikatazwi, inatajwa. Orodha ya zamani ilikuwa na majina 26, ila imepanuliwa kupita 80, na bidhaa mpya zinafungwa na orodha hiyo kuanzia 31 Julai 2026. Viambato vyenyewe huandikwa kwa majina ya kimataifa, kwa mfano Sodium Cocoate au Eugenia Caryophyllus Bud Oil, kwa hiyo Kijerumani kitahitajika katika maonyo na matumizi, si hapo. Mafuta yasiyodumu zaidi ya miezi 30 yanahitaji tarehe ya mwisho. Yanayovuka hapo huwekewa alama ya kopo lililofunguliwa na idadi ya miezi ya kuyatumia baada ya kufunguliwa.

Neno "inatibu" liondoe leo. Kipodozi husafisha, hunukisha, hupamba au hulinda. Kikidai kutibu ukurutu kimejiita dawa, na dawa ina sheria nyingine kabisa. Losheni pia iacheni kwanza, kwa sababu ina maji, na penye maji vimelea huota, hivyo itadaiwa jaribio la vihifadhi ambalo mafuta matupu na sabuni yenye ukali wa alikali kwa kawaida huepushwa nalo.

Kijana wa Chumbageni

Kwa nini msianzie Mombasa, kupitia Horohoro? Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki alama ya TBS inatambuliwa. Halafu mwulizeni huyo mnunuzi kama atauza na Uingereza, kwa maana tangu mwaka 2021 huko wana mfumo wao na wanataka mwajibikaji wao.

Mkamua Nazi, Tanga

Mombasa ni soko zuri, ila mwenzetu ana oda mkononi. Mimi ningemaliza ya Hamburg kwa sabuni peke yake.

Katibu wa Mlingotini

Ahsanteni sana. Nimemwandikia mnunuzi, naye amejibu kwamba alidhani wajibu huo ni wetu. Sasa anatafuta mtathmini na ameomba fomula. Hapo ndipo aibu ilipotupata, maana tulipokaa kuandika tulikuta tuna fomula nne. Tumekubaliana kununua mizani ya dijitali, na sabuni ya kijani tumeitoa kwenye oda, kwa kuwa rangi yake tulinunua sokoni kwenye mfuko usio na jina. Mfamasia, vipimo vya mwani tupeleke unga mkavu, au sabuni iliyokwisha kukauka?

Mfamasia wa Ngamiani

Peleka vyote viwili, kutoka toleo moja, na namba ya toleo hilo iandikwe kwenye mifuko kabla haijatoka Mlingotini.