Nguo za ndani ya suti kavu zinanuka hata zikifuliwa, nifanyeje?

KinaKirefu:
Wakuu, salaam. Naona aibu kuuliza, ila juzi mwenzangu wa mbizi alilitoa begi langu kiti cha nyuma akalitia kwenye buti la gari bila kusema neno. Nikajua hali imefika pabaya.

Suti yangu kavu, yaani ile ya mbizi isiyoingiza maji, ni ya kitambaa chepesi isiyo na joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani navaa ovaroli nene ya poliesta, na chini yake fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, poliesta vilevile. Nazama wikendi mbili kwa mwezi, maji ya nyuzi 8 hadi 10. Huko chini sitoki jasho. Jasho lote ni la juu: nimeshafunga zipu, mitungi iko mgongoni, na mashua bado inasubiriwa. Nikivua, fulana imelowa utadhani suti imevuja.

Kinachonichanganya ni kwamba ovaroli ikikauka hainuki kabisa. Nivae, ipate joto la mwili dakika kumi, kikwapa hicho kinapanda hadi kwenye kola. Mwezi uliopita nimeifua mara tatu kwa sabuni nyingi na dawa ya kulainisha nguo ili inukie. Ikanukia maua saa moja, halafu maua pamoja na kikwapa. Kufua zaidi naogopa itapoteza joto.

Mamba_Mzee:
Mkuu, tia kwenye friza usiku kucha. Baridi inaua wadudu.

DadaMbizi:
@Mamba_Mzee shikamoo mzee, lakini hao wadudu wengi baridi inawalaza tu. Wakipata joto na jasho wanaamka na njaa.

@KinaKirefu kaka, mkosaji wa kwanza ni hiyo dawa ya kulainisha. Jasho likitoka mwilini halina harufu kubwa. Bakteria ndio wanaolivundisha. Poliesta nayo hung'ang'ania mafuta ya ngozi, ukaipaka utando wa dawa juu yake, mafuta yanabaki humohumo na kitambaa kinashindwa kuvuta jasho kulitoa mwilini. Sabuni nyingi isiyosuuzika inafanya vivyo hivyo.

Loweka ovaroli saa moja kwenye maji ya uvuguvugu yenye vikombe viwili vya siki nyeupe. Suuza, kisha fua kwa sabuni ya maji kidogo, nyuzi 30, usuuze mara mbili. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, hutoa gesi ya sumu. Ovaroli iliyolowa ni nzito, kwa hiyo usiinyanyue kwa bega moja wala usiikamue kwa kuisokota. Ibebe kwa mikono miwili, ikamulie kwenye taulo. Kinachoua joto ni kusokotwa, moto mkali wa mashine ya kukaushia, na kushindiliwa begini miezi mitatu. Kufua kwa upole hakuiharibu.

Na soma kwanza lebo ya mtengenezaji. Mimi sikusoma ya kwanza yangu, ikatoka na mabonge kama mto wa zamani.

NyuziNne:
Naongezea la sufu. Nilitupa fulana za poliesta nikanunua mbili za merino, sufu laini ya kondoo. Moja nazama nayo, nyingine inasubiri kavu. Jasho linaishia kwenye fulana, nayo naifua kila siku ya mbizi. Ovaroli naifua baada ya siku sita au saba hivi. Ila sufu ni protini, usiifue kwa sabuni yenye vimeng'enya vya kula protini, itaila taratibu. Kwa poliesta sabuni hiyo inafaa sana.

Suti ikivuja maji ya bahari, suuza ovaroli siku hiyohiyo kwa maji baridi. Chumvi huvuta unyevu, na nguo yenye chumvi haikauki sawasawa hata uitundike wiki.

Halafu zipu ya nini kabla mashua haijaonekana?

DadaMbizi:
Hapo kwenye zipu nakuunga mkono kabisa. Kaka, umeshanusa suti yenyewe kwa ndani?

KinaKirefu:
Nimerudi. Ovaroli nimeiloweka; maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, nikajificha nisionekane nayamwaga. Suti sikuwahi kuinusa. Nimeingiza pua kwenye viatu vyake na nimejuta. Kumbe siku zote nilikuwa naitundika miguu ikining'inia chini, jasho linateremka na kutuama huko, soksi zangu zikalifyonza na kulipandisha.

Nimevisuuza kwa maji na sabuni kidogo, nikavipindua kadiri vinavyopinduka, feni inapuliza tangu asubuhi. @NyuziNne, hizo merino unazifua kwa mkono au mashine?

NyuziNne:
Kwa mkono, beseni la maji baridi. Kuanika ni kwa kulaza, ukiitundika inakuwa gauni.