Wagombea watoe majina yao yote ya bandia, la sivyo kura yangu hamuipati

Assalamu alaykum wanajumuiya. Suala hili la wagombea wa uongozi wa jumuiya yetu kutumia majina mengi humu mtandaoni nalileta hadharani kwa sababu kila nikiwaandikia kamati ya uchaguzi inboksi najibiwa "tutalifanyia kazi", na kazi yenyewe siioni.

Hivi jamani, mtu anaomba uhazini, ashike michango ya watu wa Wete, Chake, Mkoani mpaka waliopo Maskati na London, pesa za visima na madawati ya skuli, halafu hatujui ana majina mangapi humu ndani? Jina moja anaombea kura. Kwa la pili analimwagia sifa la kwanza. La tatu ndilo lililomtukana dada yetu anayegombea naye, mpaka akataka kujitoa. Juzi usiku akajisahau, jina la pili likaandika: "Ahsanteni nyote kwa kuniunga mkono." Kafuta mbio, lakini skrinshoti zishasambaa. Mnataka ushahidi gani tena?

Naambiwa eti siri ya mtu ni haki yake. Nani kakataa? Mwanachama wa kawaida ajiite atakavyo. Humu wamo watumishi wa serikali, wamo wanawake wanaosumbuliwa wakitumia majina yao, na sie Wapemba tunajua siasa zilivyotufanya baada ya uchaguzi wa 1995, watu wakasusiana hata mazikoni. Hao wajifiche, na mie nitawatetea. Lakini huyu hakuna aliyemlazimisha, kaja mwenyewe kuomba dhamana!

Kwenye uchaguzi wa Zanzibar, mpiga kura tu anadaiwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ndio aandikishwe. Haya, mtasema mtandaoni ni mambo mengine. Wikipedia ya Kiingereza watu kibao wanatumia majina ya kubuni, na bado anayegombea kamati yao ya usuluhishi hutakiwa ataje akaunti zake nyengine. Kama ipo asiyoweza kuitaja kwa usalama wake, huieleza kamati hiyo, na wapiga kura wakajua kuwa kaieleza. Jina la cheti cha kuzaliwa haombwi mtu. Sisi limetushinda nini?

Kila mgombea aandike hapa majina yote aliyowahi kuyatumia humu, kabla kura hazijafunguliwa. Atakayebainika kaficha aondolewe, hata kama keshashinda. Mpaka hapo na mchango wangu nauzuia. Kamati, nijibuni hapa hapa mbele ya watu, inboksi sitaki.