Patasi ya CHUMA mkononi mwa Mwolmeki! Huyu jamaa sasa atukome

NyundoYaJiwe:
Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Mnamjua. Simtaji, mods wasije wakanifungia, ila mnamjua: yule mwenye sauti ya kutangaza mechi na ramani inayozunguka kama pangaboi. Jana usiku katoa video ya Waolmeki, wale watu wa kale wa pwani ya Ghuba ya Mexico. Dakika ya sita tu, anatuonyesha mchongaji wa San Lorenzo, mji wao, kifua wazi, kapiga goti mbele ya kichwa kikubwa cha jiwe, mkononi kashika PATASI YA CHUMA. Na cheche zinaruka! Cheche, wakuu. Mtu wa mwaka 1000 KK anachomelea geti.

Mtu akamuuliza kwa adabu zote kwenye maoni: chuma hicho kimetoka wapi? Jibu lake: "Sasa basalti wangeichonga na nini, ulimi?" Na imoji tatu za kucheka. Watu wakamshangilia kama kafunga goli.

ULIMI.

Ufuaji wa metali umeingia Mexico karibu mwaka 600 baada ya Kristo, upande wa magharibi, na ulianza na shaba. La Venta, mji wao mwingine, ilishahamwa tangu kama 400 KK. Hiyo patasi imerudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja kwa miguu, ikavuka nchi nzima, ikafika Ghuba ya Mexico ikiwa bado ina makali.

Basalti, hilo jiwe gumu la volkano, inachongwa kwa JIWE, bwana mkubwa. Jiwe gumu la kugongea, linaloenea kiganjani. Hukati. Unagonga nukta kwa nukta, uso unapondeka unakuwa unga, unapangusa, unagonga tena pale pale. Ukipiga kwa pembe mbaya linabanduka pande zima na pua ya mfalme imekwenda nalo. Tazama vile vichwa: hakuna kinachochomoza, pua na midomo vimekaa ndani ya duara la jiwe. Kisha unasugua kwa mchanga na maji. Vijishimo vya pembe za mdomo vinatobolewa kwa kijiti kinachozungushwa juu ya mchanga mbichi. Mchanga ndio unaokeketa, kijiti kinausukuma tu. Jade nayo, lile jiwe gumu la kijani la thamani, inapasuliwa kwa uzi, nimesema UZI, uliolowa na kupakwa mchanga wa kwatzi, unavutwa huku na huku. Kwa kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, jade ina ugumu wa 6.5 hadi 7, kwatzi 7. Pengo jembamba namna hiyo ndilo linalokula siku. Chuma laini kiko kama 4! Patasi yake ingekuwa butu kama mwiko wa ugali kabla ya adhuhuri.

Eti ulimi.

Kibuyu_Kitupu:
Siti ya mbele. Karanga ninazo.

MamaWaHoja:
Povu lote hili kwa ajili ya katuni? Kwani ulilazimishwa kuangalia?

NyundoYaJiwe:
Sikuimaliza. Niliishia kwenye ulimi.

Mkata_Mkaa:
Mkuu usitudanganye, chuma walikuwa nacho. Vioo vyao vilikuwa vya nini?

NyundoYaJiwe:
Vya madini ya chuma, si chuma! Magnetaiti na ilmenaiti, tena kwao walikuwa wanayahesabu kuwa ni mawe. Magnetaiti inatoka Oaxaca, inasuguliwa mpaka ing'ae na kubonyea kidogo katikati, ukijitazama kwa mbali unajiona kichwa chini miguu juu. Kinatobolewa matundu ukingoni, kinavaliwa kifuani. Kuna kisanamu cha mwanamke kutoka kaburi la La Venta chenye kipande cha hematiti, nayo ni madini ya chuma, kifuani mpaka leo. Hakuna tanuri hapo, hakuna mvukuto. Madini yale yale ambayo huyu jamaa angeyayeyusha akatengeneza patasi, wenzake waliyafanya kioo.

Mkata_Mkaa:
Sawa mzee, punguza herufi kubwa.

KitiKirefu:
Patasi ni dogo. Mimi dakika ya kumi na moja ndiyo iliyoniua, pale anapoita Altar 4 ya La Venta, lile jiwe kubwa lililochongwa kama meza, "madhabahu ya kuchinjia watu". Tena akaichorea mfereji wa damu!

Jina la "altar" walilipachika wachimbaji wa mwanzo, kabla hawajajua. Mwaka 1973 mwanaakiolojia David Grove alilimaliza: kwenye pango la Oxtotitlán, Guerrero, kuna mchoro wa mtu aliyevaa mavazi ya ndege AMEKETI juu ya kitu kama hicho. Ni kiti cha enzi. Mbele pana tundu kama mdomo wa pango, ndani yake mtu kakunja miguu, anatoka. Mkononi kashika kamba inayozunguka hadi ubavuni na kumfikia mtu mwingine. Pango ndilo mlango wa kwenda chini, kwenye maji na kwa wahenga. Mtawala akikalia jiwe lile anawaambia watu ametokea huko. Weka mfereji wa damu hapo uone kama kinabaki kitu cha maana.

Na wewe Nyundo unapigia kelele vichwa bila kusema kwamba baadhi vilikuwa viti! Kichwa namba 2 na namba 7 vya San Lorenzo bado vina alama za tundu la kiti ubavuni. James Porter alilionyesha hilo mwaka 1989. Unachukua kiti, unakisimamisha kwa upande wake mfupi, unachonga uso. Ndiyo maana utaona visogo bapa. Jiwe limetoka milima ya Tuxtla, kilomita kama 60 hadi San Lorenzo, hakuna gurudumu, hakuna ng'ombe. Nani angelitupa?

NyundoYaJiwe:
Sikatai ya viti. Ila kugeuza kiti kuwa kichwa nako kunataka kugonga kwa jiwe. Si patasi. Turudi kwenye patasi.

Mzee_Kobe:
Vichwa vyenyewe kavihesabu vizuri lakini? 17?

NyundoYaJiwe:
Hapo kapatia: San Lorenzo 10, La Venta 4, Tres Zapotes 2, La Cobata 1. Akaharibu kwa kusema vyote vina kimo kimoja. Kidogo kabisa mita 1.47, cha La Cobata mita 3.4.

Asili_Yetu:
Nyie mnabishana patasi wakati ukweli mnaukimbia. Pua zile na midomo ile ni ya babu zetu. Waafrika walifika kule.

BintiMawimbi:
Haya, kaja. Melgar wa Mexico alisema hivyo hivyo mwaka 1869 baada ya kuona kichwa kimoja cha Tres Zapotes, mwandishi Van Sertima akairudia mwaka 1976. Kwenye machimbo ya Waolmeki hakijatoka hata kigae kimoja cha Afrika. Nenda sokoni Tabasco leo utakutana na nyuso zile zile zinauza samaki. Babu zetu wana ya kwao ya kujivunia, waache wa wenzao.

Asili_Yetu:
Wazungu wamewalisha.

ChuiSiJagwa:
Mimi mniache na langu. Jamaa kasema "Waolmeki waliabudu chui" mara ishirini. Mexico haina chui! Kuna JAGWA. Chui ni wa huku, jagwa ni wa kule, madoa ya jagwa yana vitone katikati. Halafu kila chenye mdomo ulioinama pembeni na kichwa chenye mpasuko anakiita "mtoto wa chui".

Huo ni uvivu wa zamani. Tazameni sanamu ya Las Limas, Veracruz, iliyookotwa na watoto mwaka 1965: jiwe la kijani, kimo sentimita 55, mtu ameketi kapakata mtoto aliyelegea. Kwenye mabega na magoti zimechorwa nyuso nne, kila moja na macho yake na mdomo wake. Zingekuwa jagwa mmoja kwa nini mchoraji ahangaike kuzitofautisha? Hapo ndipo mtafiti Joralemon alipoanza kuwatenga, mwaka 1971 akafikisha miungu kumi. Baadaye baadhi ikaunganishwa tena, lakini hakuna aliyerudi kwenye paka mmoja. Mpasuko wa kichwani wenyewe, kwenye shoka nyingi za jade, unachipua HINDI. Ni mbegu inayofunguka. Sasa hindi lina mkia?

MamaWaHoja:
"Hindi lina mkia" 😂😂 uzi umepata mwenyewe, Nyundo kaa pembeni.

NyundoYaJiwe:
Jamani, alisema ULIMI.

FundiChokaa:
Kuna mtu alisikia ile ya "walizika hazina ili wezi wasione"? Sadaka namba 4 ya La Venta: visanamu 16 na shoka 6, vimesimamishwa kwa duara kama kikao. Mmoja wa jiwe lenye chembe kubwa kaegemea shoka, wengine wa jade na serpentini, jiwe jingine la kijani, wamemkabili. Wakafukia, wakamwaga sakafu za rangi juu yake. Muda ukapita, mtu akachimba shimo kupitia sakafu zile zile hadi usawa wa vichwa tu, akaangalia, akafukia tena. Wachimbaji wa mwaka 1955 walikuta shimo hilo limekatwa pale pale penyewe. Yaani kumbukumbu ya mahali ilikuwepo. Mwizi gani anachungulia jade anaiacha?

Tena pale pale La Venta kuna shimo lenye serpentini kama tani 1,000. Na mapambo ya sakafu ya vipande karibu 485, yaliyopangwa kwa mikono yakafunikwa udongo muda mfupi baada ya kumalizika. Kutazamwa na watu haikuwa hoja.

Kibuyu_Kitupu:
Karanga zimeisha. Ila swali: ni kweli mpira wa kudunda ni wao?

BintiMawimbi:
Mipira ya El Manatí ni ya karibu 1600 KK, imetoka kwenye tope la chemchemi pamoja na shoka za jade, sanamu za mbao na mifupa ya watoto wachanga. Mbao hazikuoza kwa sababu hewa haikufika. Hata jina Olmeki, walilopewa baadaye kwa Kinahuati, lugha ya Waazteki, ni la watu wa nchi ya mpira.

Kibuyu_Kitupu:
Wanaufanyaje?

FundiChokaa:
Utomvu wa mti wa Castilla elastica, mbichi unanata tu na ukikauka unakatika. Unaponda mti unaotambaa wa Ipomoea alba, unakamua maji yake, unachanganya. Nusu kwa nusu unapata mpira unaodunda. Utomvu mafungu matatu kwa moja unapata soli ya ndala. Utomvu mtupu ni gundi. Unakoroga kama dakika kumi na ushee, bonge linaibuka, halafu una dakika chache za kuliviringisha kabla halijakaza. Ukichelewa una tofali.

Mzee_Kobe:
Ngoja. Ipomoea si ndiyo ukoo wa matembele?

FundiChokaa:
Ndiyo, viazi vitamu ni Ipomoea batatas.

Kibuyu_Kitupu:
Kwa hiyo nikikamua matembele nikatia utomvu wa fenesi?

FundiChokaa:
Utapata mboga inayonata.

NyundoYaJiwe:
Wakuu. Patasi.

Kibuyu_Kitupu:
Na matembele yakiwa yamechemshwa kwanza?